Pwani ya Vietnam kwa treni na kwa bajeti ndogo: siku 24 kutoka Hanoi hadi Saigon

Mleta uzi

Wadau, salaam. Mwezi wa Aprili 2025 nilisafiri peke yangu kutoka Hanoi, kaskazini, hadi Saigon (Jiji la Ho Chi Minh), kusini, nikiifuata pwani ya Vietnam kwa treni, na nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nikae na daftari langu la matumizi nijumlishe kila kitu. Kwa siku 24 nilizokaa ndani ya nchi nilitumia dola 640 za Marekani, yaani chini kidogo ya dola 27 kwa siku, bila kuhesabu tiketi ya ndege wala viza. Naandika kwa kirefu kwa kuwa nilipokuwa najiandaa sikupata maelezo ya kutosha kwa Kiswahili, na yale ya lugha nyingine yameandikwa na watu ambao pasipoti zao, vyakula vyao na mahesabu yao hayafanani na yetu.

Vietnam ni nchi nyembamba na ndefu, pwani yake ina kilomita 3,260 hivi, na kinachommaliza msafiri mwenye fedha kidogo huko si bei ya kitanda wala ya chakula. Kitanda katika chumba cha pamoja nilikipata kwa dong 150,000 hadi 220,000, na sahani ya wali na samaki kwa mama lishe wa kando ya barabara haikuzidi dong 50,000. Dola moja wakati ule ilikuwa karibu dong 26,000, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Kinachommaliza ni kuhamahama. Kila unapohama unalipa nauli, unalipa bodaboda ya kwenda stesheni na nyingine ya kutoka stesheni, unakula cha njiani kwa bei ya njiani, na unapoteza nusu siku ambayo umeilipia. Nilikutana na vijana waliokuwa wanabadilisha mji kila baada ya usiku mmoja au miwili, na kila niliyelinganisha naye daftari alikuwa ametumia karibu mara mbili yangu huku akilala kwenye vitanda vya bei rahisi kuliko vyangu.

Mimi nililala katika miji saba tu: Hanoi usiku 3, Đồng Hới 2, Huế 3, Hội An 4, Quy Nhơn 5, Phan Thiết 3 na Saigon 2, pamoja na usiku mmoja ndani ya treni. Nha Trang niliipita makusudi. Ni mji mzuri, lakini ufuo wake umepangwa mahoteli marefu na bei zake zinaonyesha hivyo.

Mleta uzi, inaendelea

Sasa treni. Reli ya Hanoi hadi Saigon ina kilomita 1,726. Ilikamilika mwaka 1936 chini ya utawala wa Wafaransa, ikakatika nchi ilipogawanywa mwaka 1954, na ikaunganishwa tena mwisho wa mwaka 1976, vita vilipokwisha. Ni reli ya upana wa mita moja, upana uleule wa reli yetu ya zamani ya Kati na ile ya Mombasa hadi Kampala, kwa hiyo aliyewahi kulala katika behewa la daraja la pili kwenda Kigoma atautambua mwendo wake mara moja: ule mtikisiko wa pembeni, na kule kusimama porini kusubiri treni ya mbele ipite kwa kuwa njia ni moja. Treni zenye namba witiri, kama SE1 na SE3, zinakwenda kusini; zenye namba shufwa zinarudi kaskazini.

Madaraja ni manne kwa kawaida. Kuna kiti kigumu cha mbao, kiti laini, chumba cha vitanda sita na chumba cha vitanda vinne. Katika chumba cha vitanda sita, kitanda cha chini ndicho ghali na cha juu kabisa ndicho rahisi, kwa sababu huko juu huwezi kukaa wima. Unaingia kwa kutambaa na unatoka kwa kutambaa. Nilikichukua hicho kutoka Hanoi hadi Đồng Hới, safari ya usiku mzima, na nililala vizuri. Mwishoni mwa behewa kuna bomba la maji ya moto ambapo abiria hujaza vikombe vyao vya tambi, na asubuhi mhudumu hupita na toroli la uji na kahawa. Nauli zote nilizolipa kwa treni kutoka mwanzo hadi mwisho zilikuwa dong 1,750,000, kama dola 67. Tiketi zinauzwa kwenye tovuti ya shirika la reli, dsvn.vn, lakini kadi yangu ya benki ilikataliwa kila nilipojaribu, kwa hiyo nilinunua dirishani stesheni kwa kuonyesha pasipoti, kila tiketi siku mbili au tatu kabla.

Kipande kimoja msikikose kwa hali yoyote, nacho ni Huế hadi Đà Nẵng. Hapo mlima unashuka mpaka baharini kwenye njia ya mlimani ya Hải Vân. Magari mengi siku hizi hupita ndani ya handaki lililofunguliwa mwaka 2005, lakini reli bado inauzunguka mlima kwa nje. Treni inapunguza mwendo mpaka unaweza kuhesabu mawe, upande mmoja ni jabali lenye majimaji na mizizi inayoning'inia, upande wa pili ni bahari chini kabisa ya dirisha, na katikati ya vihandaki vifupi unaona fuo ndogo za mchanga mweupe ambazo hazina njia ya kufikika. Ukiwa unakwenda kusini, kaa upande wa kushoto. Ukishafika Đà Nẵng, kichwa cha treni hufungwa upande wa pili na behewa linaondoka kinyumenyume, kwa hiyo anayeendelea mbele ajue kwamba upande wake wa bahari umekuwa upande wa bara. Tangu Machi 2024 kuna pia treni maalumu ya Huế na Đà Nẵng ambayo husimama dakika 10 Lăng Cô ili watu waione ghuba. Mimi nilichukua treni ya kawaida kwa sababu ya bei, na dirisha lilikuwa lilelile.

Mchangiaji, Mombasa

Asalaam alaykum dada. Shukrani kwa uzi huu, umeandika kama mtu anayetaka wengine nao wafike. Mimi na mke wangu tunatamani safari ya namna hii, lakini hofu yetu ni chakula. Tumesikia kwamba nguruwe yumo katika kila kitu. Je, Mwislamu anaweza kukaa siku ishirini bila kuteseka? Na misikiti ipo?

Mleta uzi

Waalaykum salaam kaka. Swali hili linastahili jibu refu, maana mimi mwenyewe ni Mwislamu na siku mbili za kwanza nilikula ndizi na mkate.

Ni kweli kwamba nguruwe yumo katika vyakula vingi, na mara nyingine amejificha. Supu maarufu ya Huế inaitwa bún bò, na bò maana yake ni ng'ombe, lakini mchuzi wake huchemshwa pamoja na miguu ya nguruwe. Tambi za cao lầu za Hội An nazo huwekwa nyama ya nguruwe juu. Kwa hiyo msitegemee jina la chakula. Kilichonisaidia ni neno moja, "chay". Ni chakula cha Wabudha wasiokula nyama, na utaliona limeandikwa kwenye mabango ya vibanda kila mji, hasa siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo ambapo watu wengi hufunga nyama. Kwenye kibanda cha chay unakula tofu, uyoga, maharage na mboga kwa dong 25,000 hadi 40,000, na hakuna haja ya kuulizana. Pale nilipotaka samaki niliandika kwenye karatasi "không thịt heo", yaani bila nyama ya nguruwe, nikamwonyesha mpishi. Kaskazini wanasema "lợn" badala ya "heo". Sikuwahi kuona mtu akikasirika. Mama mmoja Đồng Hới alinioshea sufuria nyingine mbele yangu kabla hajanipikia.

Misikiti ipo, ingawa michache. Hanoi kuna Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwaka 1890. Saigon kuna msikiti wa mtaa wa Đông Du, wa mwaka 1935, na jirani yake mna migahawa ya halali. Katikati, kwenye miji ya pwani, mtajitegemea kwa mswala wenu. Hata hivyo pwani yenyewe ina historia inayotuhusu: kabla ya Wavietnamu kushuka kusini, sehemu hii yote ya kati ilikuwa ya Wachamu wa dola ya Champa, watu wa bahari na biashara, waliojenga minara ya matofali mekundu ya Kihindu inayoonekana mpaka leo Mỹ Sơn, Quy Nhơn na Nha Trang. Baadhi ya Wachamu baadaye wakasilimu, na vizazi vyao wapo hadi sasa, wengi katika bonde la Mekong, Saigon, na kusini mwa pwani ya kati.

Mchangiaji, Muscat

Dada, nakupongeza, lakini niruhusu nipingane nawe kuhusu usafiri. Nilikwenda mwaka 2023 na nilitumia mabasi ya kulala kila mahali. Nauli ilikuwa ndogo kuliko ya treni kwa masafa mengi, na kila usiku wa basi ni usiku mmoja wa hoteli uliookolewa. Ni lazima niseme pia upande wa pili. Unavua viatu mlangoni, unapewa mfuko wa plastiki wa kuvitia, na kitanda kimetengenezwa kwa mtu mfupi. Mimi nina urefu wa futi sita na inchi moja na nilisafiri magoti yakiwa kifuani. Usiku mmoja kampuni niliyopanda ilituahidi kutushusha katikati ya mji saa moja asubuhi, ikatushusha kando ya barabara kuu saa kumi alfajiri, kilomita kadhaa kutoka mjini, na pikipiki waliokuwa wakitusubiri hapo walikuwa wanajua vizuri kwamba hatuna namna nyingine. Nililipa mara nne ya nauli ya kawaida.

Mleta uzi

Kaka, hayo uliyoyasema mwishoni ndiyo hesabu yangu. Basi ni rahisi kwenye tiketi, kisha linakudai gizani. Stesheni za treni ziko ndani ya miji au karibu nayo, saa zinajulikana, na ukifika alfajiri unakaa kwenye benchi mpaka kuche. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake jambo hilo lina uzito wake. Ila nakubali kwamba Hội An haina reli. Nilishuka Đà Nẵng na kwenda kama kilomita 30 kwa gari la abiria.

Neno la bodaboda, kwa kuwa limetajwa: wao wanaiita "xe ôm", yaani chombo cha kukumbatia, na kukubaliana bei kabla ya kupanda ni lazima kama ilivyo kwetu. Kwa programu ya Grab bei inaonekana kwenye simu kabla hujaita, na nilipoanza kuitumia gharama zangu za bodaboda zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Mleta uzi, kuhusu Quy Nhơn

Mniruhusu nikae hapa kidogo, maana ndipo mahali nilipopapenda kuliko pote, na wageni wengi hupapita usiku wakiwa wamelala.

Treni kubwa husimama Diêu Trì, kilomita 10 hivi kutoka mjini. Quy Nhơn ni mji wa wavuvi wenye ufuo mrefu uliopinda kama mundu, ambapo saa kumi na moja alfajiri wazee wote wa mji wako majini wakiogelea, na saa moja asubuhi, jua linapoanza kuwa kali, hakuna mtu. Nilipata chumba cha peke yangu katika nyumba ya wageni, wao huziita "nhà nghỉ", kwa dong 200,000 kwa siku baada ya kusema kwamba nitakaa siku tano. Huo ndio unafuu wa kutohama: bei inashuka, na siku ya pili muuza kahawa anakujua.

Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa ngalawa Pangani, kwa hiyo nilikwenda mara tatu kijiji cha Bãi Xép, kusini kidogo mwa mji, kutazama vyombo vyao. Wana chombo kinachoitwa "thúng chai", na ni kikapu cha mviringo hasa, kipana kama meza ya watu sita, kilichosukwa kwa mianzi iliyopasuliwa vipande vyembamba. Mzee mmoja alikuwa amekipindua chake mchangani. Alikuwa na ndoo mbili: moja ya kinyesi cha ng'ombe kilicholainishwa, nyingine ya utomvu wa mti, mweusi na mzito kama asali iliyoungua. Kinyesi alikishindilia kwa kiganja ndani ya kila tundu la msuko mpaka likajaa, akakiacha kikauke, kisha akapaka utomvu juu yake kwa ufagio mfupi, mara moja kwa kwenda na mara moja kwa kurudi. Nilimkumbuka babu na pamba yake ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, na kopo lake la sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, harufu iliyokuwa haimtoki nguoni hata siku ya Idi. Mzee aliponiona nimechuchumaa muda mrefu alinipa ufagio. Nilipaka kipande cha upana wa mikono miwili, akakikagua, akarudia sehemu moja tu.

Kikapu hicho hakina mbele wala nyuma. Mvuvi husimama au hupiga magoti ukingoni na kulivuta kasia kwa mwendo wa kuandika namba nane majini, nacho kinakwenda moja kwa moja kupita kwenye mawimbi ya ufukweni ambayo yangeipindua mashua ndefu. Wageni hupandishwa kwenye vikapu hivi karibu na Hội An na kuzungushwa kwa muziki mkubwa. Aende anayetaka, lakini Bãi Xép nilikaa asubuhi nzima bila kulipa kitu, na nilinunua ngisi wa kuchoma kwa mke wa yule mzee.

Mchangiaji, Nairobi

Asante sana dada kwa habari ya babu. Naomba niongeze jambo la majira, kwa sababu wengi wetu hupata likizo mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, na mimi nililipia ujinga huo. Nilifika Hội An katikati ya Novemba, mto Thu Bồn ukafurika, na tulishushwa kwenye nyumba ya wageni kwa mtumbwi. Siku nne sikuiona bahari.

Mleta uzi

Nashukuru umelisema kaka. Kwetu kaskazi ni upepo wa jua na safari. Kule upepo huohuo wa kutoka kaskazini mashariki hupita juu ya bahari kabla ya kufika pwani ya kati, ukabeba unyevu, ukagonga milima ya Trường Sơn na kuumwaga wote hapo. Kwa hiyo kuanzia Septemba hadi Desemba, Huế, Hội An na Quy Nhơn hupata mvua na mafuriko, wakati Desemba hadi Aprili kusini ni kukavu. Anayetaka pwani nzima kwa safari moja, achague kati ya mwishoni mwa Februari na Aprili, na aikwepe Tết, mwaka mpya wao wa Januari au Februari, maana nchi nzima iko safarini na tiketi za treni huisha mapema. Aondoke pia kabla ya Aprili 30, sikukuu inayofuatana na Mei Mosi.

Mchangiaji, Mwanza

Dada, hongera. Naomba kujua viza na fedha. Je, ulibeba dola taslimu? Na mtandao wa simu ukoje?

Mleta uzi

Viza ni ya mtandaoni. Tangu tarehe 15 Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaweza kuiomba, hadi siku 90, kwa dola 25 ya kuingia mara moja au dola 50 ya kuingia mara nyingi. Omba kwenye tovuti ya serikali, evisa.gov.vn, kwa sababu zipo nyingine zinazofanana nayo ambazo hutoza zaidi. Andika majina yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Nilibeba na cheti cha homa ya manjano.

Dola nilibeba 300 taslimu, noti safi zisizo na mikunjo, na nyingine nilizitoa kwenye mashine za benki, ambazo nyingi hazikunipa zaidi ya dong milioni 3 kwa mara moja. Tenganisheni noti. Ile ya dong 20,000 na ile ya dong 500,000 zote ni za buluu, na jioni moja Huế nilimpa muuza madafu 500,000 nikidhani ni 20,000. Yule binti alinikimbilia hadi kona ya barabara kunirudishia.

Laini nilinunua ya Viettel, ambao ndio wenye Halotel ya kwetu na Lumitel ya Burundi, na iliwaka hata ndani ya treni karibu njia yote. Mjue pia kwamba tangu Julai 1, 2025 mikoa imeunganishwa kutoka 63 hadi 34: Hội An sasa iko chini ya Đà Nẵng, Quy Nhơn iko mkoa wa Gia Lai na Phan Thiết mkoa wa Lâm Đồng, mikoa ambayo ramani za zamani huionyesha milimani. Msishtuke mkiona anwani hizo kwenye nafasi za malazi.

Mchangiaji, Mombasa

Allah akulipe dada. Swali la mwisho: sisi tutakuwa na siku 10 tu. Tufanyeje?

Mleta uzi

Amina kaka. Msijaribu nchi nzima. Shukeni Saigon, ambako mtapata chakula cha halali bila shida siku ya kwanza na ya mwisho, kisha mchague vituo viwili tu. Cha kwanza Phan Thiết, saa nne kwa treni. Mtaisikia harufu ya mji kabla ya kuuona, kwa kuwa ndipo inapotengenezwa nước mắm, mchuzi wa dagaa na chumvi unaoachwa kwenye mapipa makubwa ya mbao kwa muda wa mwaka mzima. Nendeni kwenye hekalu la wavuvi la Vạn Thủy Tú, la mwaka 1762, mkaone mifupa ya nyangumi mwenye urefu wa mita 22. Wavuvi wa pwani hiyo humheshimu nyangumi kama mwokozi wa wanaozama, na akiokotwa ufukweni amekufa huzikwa kwa mazishi kamili. Cha pili Quy Nhơn, siku nne au tano, kwa treni ya mchana ili muione bahari kati ya Nha Trang na Tuy Hòa. Mnakwenda kaskazini, kwa hiyo kaeni upande wa kulia. Kurudi Saigon, chukueni treni ya usiku kutoka Diêu Trì, vitanda viwili vya chini katika chumba cha vitanda sita, na mnunue tiketi hiyo siku ileile mnayofika Quy Nhơn.